Marumaru kwa Pesa ya Lenta

Nyumba yangu haina lenta ya kuzunguka. Ina vipande vya zege juu ya milango na madirisha, vimefichwa na plasta na rangi ya krimu, na kati ya kipande na kipande ni tofali tupu. Niliijenga mwaka 2017 hapa Bukoba, baada ya tetemeko kuiharibu ile ya kwanza, na aliyekataa lenta ni mimi. Fundi hakuniibia. Mume wangu alikuwa kazini Mwanza, akaniachia maamuzi yote. Siwezi hata kujitetea kwamba sikujua, maana riziki yangu ni kuuza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, misumari, mabati, rangi. Watu huja kuniuliza mimi.

Kama kosa lingebaki ndani ya kuta zangu, huenda ningekufa nalo. Halikubaki. Wapo waliojenga kwa kuiangalia nyumba yangu, na mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ndiyo maana naandika.

Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Jumamosi. Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia na dukani kulikuwa na wanunuzi wa rangi. Saa 9:27 alasiri nondo zilianza kugongana kwenye chanja chake bila mtu kuzigusa. Nilidhani kuna lori linarudi nyuma. Makopo ya rangi yakaanza kushuka kutoka rafuni, mteja mmoja akapiga ukelele akimwita Yesu, na wote tukajikuta barabarani, mimi nikiwa bado nimeshika kalamu na kitabu cha risiti. Lilikuwa jambo la sekunde.

Nilipofika nyumbani, Hamugembe, nilikuta nyumba imesimama lakini kona zote zimepasuka kutoka juu kwenda chini. Ukuta wa upande wa chumba cha watoto ulikuwa umekatika juu: ile pembetatu ya matofali inayopanda mpaka kwenye kilele cha paa haikuwepo. Ilikuwa imeangukia ndani, imetoboa silingibodi na kutua kitandani. Chandarua kilikuwa kimelaliwa na matofali. Wanangu walikuwa nje wanacheza, kwa kuwa ilikuwa alasiri. Tetemeko lingekuja saa 9 usiku, nisingekuwa na hadithi ya marumaru ya kuwasimulia.

Wataalamu walisema lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake upande wa Nsunga, wilaya ya Missenyi, na lilianzia chini sana, kina cha takriban kilomita 40. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakaumia, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, wanafunzi wakahamishiwa kwingine.

Baadaye nilikuja kujua kitu kilichoniudhi. Letu lilikuwa dogo. Mwaka 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilipigwa na la 6.8. Namba hizi hazipandi kama bei ya saruji. Namba ikiongezeka kwa moja, nguvu inayotoka ardhini huongezeka karibu mara 32. Maana yake lile la Tanganyika lilitoa nguvu zaidi ya mara 20 ya letu. Sisi tulizikana kwa tetemeko ambalo katika nchi zilizojenga vizuri lingevunja vioo na kushusha vyombo kabatini, kesho yake watu wakaenda kazini.

Kilichotuua ni kuta. Nyumba nyingi za huku ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, saruji ikibaki ya kupaka juu. Ukuta wa namna hiyo ni mzito, na ni hodari wa kubeba paa linalokandamiza kwenda chini. Ardhi inapoenda kushoto na kulia, uzito uleule unageuka adui, kwa sababu kila ukuta unataka kwenda na njia yake. Kona zinaachana kwanza. Zikishaachana, ukuta umebaki peke yake na hauna wa kuushika. Pembetatu ya juu ndiyo inayotangulia kuanguka, maana imepanda juu kuliko vyote na hakuna ukuta mwingine unaokutana nayo. Wazee wetu walilala kwenye msonge wa fito na nyasi, ambao ukitikiswa unayumba na kurudi. Sisi tuliachana na msonge kwa sababu nzuri, moto na mchwa na hadhi, tukachukua tofali bila kuchukua masharti yake.

Sharti la kwanza la tofali ni lenta inayozunguka. Ni mkanda wa zege lenye nondo unaopita juu ya kuta zote, za nje na za ndani, bila kukatika, ukazifanya kuta ziwe kitu kimoja kama kamba inavyofanya mzigo wa kuni. Kamba ikiishia katikati ya mzigo, hujafunga kitu.

Hayo fundi aliyajua. Mwanzoni mwa 2017 ilikuwa wazi kwamba kila mmoja atajijengea kwa mfuko wake, na mimi nilikuwa nimechoka kulala kwenye kibanda cha turubai na mabati, mvua za Bukoba zikitupigia ngoma usiku kucha. Kuta mpya zilipofika usawa wa madirisha, fundi alinifuata dukani mkononi ana penseli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Umekwama wapi?"

"Sijakwama. Nimekuja tupige hesabu ya lenta. Safari hii izunguke nyumba nzima, na kuta za ndani."

"Zote?"

"Zote, mama. Nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8, kila sentimita 20 ringi moja. Kwenye kona nondo zipinde ziingie ukuta wa pili. Zisiishie pale konani."

Nilichana kipande cha boksi la misumari, nikaandika. Kuta zote, nje na ndani, zilikuwa mita 60. Nondo nne mara 60 ni mita 240. Nondo moja ina mita 12, kwa hiyo nondo 20, na bado hujahesabu zinapopandiana. Ringi 300. Saruji mifuko kama 15, kokoto, mchanga, mbao za kufungia zege, waya, na siku za mafundi. Kisha nikapiga hesabu ya pili, ya lenta ya juu ya milango na madirisha peke yake. Ilikuwa kama theluthi moja ya ile ya kwanza. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili niliifahamu papo hapo, maana ilikuwa imepangwa nyuma yangu kwenye maboksi: marumaru za sebuleni na za korido, zile kubwa zenye mng'ao, na chenji ikabaki.

Ngoja niseme kilichopita kichwani mwangu bila kukipamba. Nilitaka mtu akiingia kwangu asione dalili kwamba tulishawahi kulala kwenye turubai. Mimi ni mwenye duka. Niliona aibu wateja wangu waje kukanyaga sakafu ya saruji. Lenta ikishapigwa plasta haionekani, na hakuna mgeni aliyewahi kukaribishwa sebuleni akasifia lenta. Pia niliamini, sijui nilipata wapi, kwamba tetemeko ni kama deni: limeshakuja, limeshachukua chake, halirudi kwa mtu yuleyule. Nilikuwa naongea hivyo wakati tunaishi kandokando ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Toro, hapo Uganda, mwaka 1966 tetemeko liliua watu zaidi ya 100. Februari 2008 lilipiga Bukavu na Rusizi, watu makumi wakafa. Majirani zetu wana makaburi ya tetemeko, na mimi nilikuwa najiambia kwamba zamu yetu imekwisha.

"Weka juu ya milango na madirisha tu," nilimwambia fundi. "Hiyo nyingine tutaona mbele ya safari."

"Mama, lenta haiwekwi mbele ya safari. Tukishapaua, basi."

"Fundi, lile limeshapita."

Akaitazama penseli yake. "Nyumba ni yako, mama."

Sikuishia hapo. Fundi alitaka matofali tuliyookoa kwenye kifusi yasuguliwe udongo wa zamani na kulowekwa kwenye pipa kabla ya kujengea. Tofali kavu la kuchoma hunyonya maji ya saruji kabla saruji haijashika. Ukija kulibandua miaka ya baadaye, linatoka safi, halijashikamana na chochote. Mimi nikaona pipa linachelewesha kazi, na maji tunanunua. Tukaloweka ya kuta za mbele, za nyuma tukajengea makavu. Halafu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ile pembetatu ya juu ya chumba cha watoto niliijenga tena kwa matofali. Niliiona kwa macho yangu imelala kitandani, nikairudisha palepale juu. Matofali yalikuwepo, na nilitaka nyumba ifanane na ilivyokuwa.

Tukahamia. Watu wakaja kutupongeza, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kwa heshima ya marumaru.

Mwaka ule kila mtu alikuwa mhubiri wa tahadhari, na methali ya ufa na ukuta tuliichosha mpaka ikakosa ladha. Mimi nilikuwa miongoni mwa wahubiri. Niliandaa mkoba, nikautundika nyuma ya mlango wa mbele: tochi, filimbi, maji, dawa za mama mkwe, nakala za vyeti na hati, redio ndogo, fedha za noti ndogondogo. Kwenye jumuiya nilionyesha mkoba ule, kina mama wakaandika orodha. Nilifundisha pia kwamba tetemeko likianza uingie chini ya meza, kama nilivyosoma kwenye kipeperushi. Meza zetu wengi ni za plastiki. Hakuna aliyecheka.

Siukatai mkoba. Mtu anayelala nje siku ya kwanza anauhitaji sana. Ila mkoba ni wa mtu aliyeshatoka mzima, na mimi niliutumia kujisahaulisha swali la kama tutatoka. Ulikuwa na bei ndogo, unaonekana, unasifiwa. Baada ya muda betri za tochi zikahamia kwenye rimoti ya televisheni, maji yakanywewa na mgeni, na mkoba ukabaki nyuma ya mlango kama picha ya mtakatifu.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 ardhi ilitikisika baharini, upande wa Dar es Salaam. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa karibu 6, wakazi wa ghorofani wakashuka ngazi na nguo za kulalia. Mdogo wangu anaishi kule. Alinipigia simu akiwa barabarani, watoto wanalia nyuma yake.

"Dada, hivi ndivyo ilivyokuwa kwenu?"

"Kwetu ilizidi."

"Ile nyumba yako mpya ina lenta?"

"Ina," nikasema.

Ina. Sikudanganya, na nilidanganya kabisa. Nilijua anachouliza. Alikuwa anajiandaa kujenga kwenye kibanja cha marehemu baba, Missenyi, karibu kabisa na lilikoanzia la kwetu. Nilikuwa na neno moja tu la kuongeza, "lakini haizunguki", nikalimeza. Ningelisema lile, lingefuata swali la kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa sakafuni, linang'aa.

Mwaka uliofuata fundi wake alikuja kwangu na futi ya kupimia. Nilimpikia senene, nikampa chai, nikamtembeza vyumba vyote. Akahesabu madirisha, akauliza lenta nimewekaje, nikamwonyesha kwa kidole juu ya dirisha la sebule. "Hapa, na juu ya milango." Akaandika. Kwake yeye hapakuwa na la kubishana: dada mtu anauza nondo, angeshindwa nini kuweka ya kutosha kama ingehitajika?

Aliyenifungua mdomo ni mteja, mzee mmoja wa heshima, aliyekuja na orodha ya fundi wake. Alianza kuikatakata kwa kalamu kama wafanyavyo wengi, na alipofika kwenye nondo akakata nusu. Nikajikaza nikasema, "Mzee wangu, hizo ni za lenta, usizipunguze." Akanitazama kwa upole, akasema, "Hata wewe hukuzungusha, mwanangu. Fundi ameniambia. Na nyumba yako imesimama." Nikamwandikia risiti ya nusu. Akaenda zake na pikipiki ya kubebea, nondo zikiburuza mkia barabarani, na mimi nikabaki na maneno yake. Imesimama. Kweli imesimama; hakuna kilichokuja kuipima. Nyumba zote za Hamugembe zilikuwa zimesimama saa 9:26.

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu nikamweleza yote, tangu kipande cha boksi mpaka ile "ina" ya 2020. Nilitegemea anigombeze. Alikaa kimya, kisha akasema, "Dada, ungeniambia kabla sijapaua." Basi. Hakusema lingine, na hakukata simu pia.

Mume wangu alipokuja likizo nilimwambia na yeye. Alizunguka nyumba, akagonga ukuta huku na huku kwa kiganja, akauliza ni gharama gani kurekebisha. Hilo swali tulilipeleka kwa mhandisi, na nawapa majibu yake kwa sababu najua siko peke yangu.

Kuweka lenta kamili chini ya paa lililokwishapauliwa kunawezekana, lakini ni kunyanyua paa, na gharama yake inapita mara nyingi ile niliyoiokoa. Iko njia ya pili, ya wasio na hela: mkanda wa wavu wa chuma. Unabandua plasta kuzunguka nyumba kwenye usawa wa juu ya madirisha, nje na ndani, na kwenye kona zote kutoka msingi mpaka juu. Unalaza wavu wa nondo nyembamba pande zote mbili, unaufunga kwa waya unaopita ukutani kupitia matundu, kisha unapiga plasta nzito ya saruji juu yake na kuimwagilia wiki nzima. Haiwi sawa na lenta, lakini kona zinapata wa kuzishika. Sisi tumeanza na chumba cha watoto. Vingine vitafuata fedha zikipatikana.

La haraka kuliko yote lilikuwa ile pembetatu. Tuliishusha. Fundi, yuleyule wa penseli, alipanda juu na nyundo na patasi akategemea kazi ya siku nzima. Tofali la kwanza alilitikisa kwa mkono likatoka. Akaligeuza akanirushia nilione: upande wa chini ulikuwa mwekundu na msafi, haukuwa na alama ya saruji. Ni yale tuliyojengea makavu. "Mama, unaona," akasema, na kwa heshima yake hakuongeza neno. Kufikia mchana pembetatu yote ilikuwa chini imepangwa, na nyingi ya kazi ile aliifanya bila nyundo. Mahali pake tumeweka fremu ya mbao na bati. Wageni wanaiona na wanauliza kwa nini nyumba nzuri ina kiraka cha bati. Ninawajibu kwamba bati likianguka linaumiza, tofali linaua.

Mengine hayakuhitaji mhandisi wala fedha. Vitanda vimehama kutoka chini ya madirisha na kutoka kwenye kuta ndefu zisizo na ukuta wa kuzikata. Kabati la nguo limefungwa ukutani kwa pembe za chuma juu, na masufuria mazito yameteremka rafu ya chini. Tangi la maji lililokuwa juu ya mnara wa matofali, mita chache kutoka mlango wa jikoni, limeshushwa. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na tulikuwa tumeiweka juu ya njia ya kukimbilia. Kila mtu wa nyumba, hata mdogo, anajua kufunga mtungi wa gesi na kuzima meni swichi.

Kuhusu meza, nimerudi kwenye jumuiya nikajisahihisha mbele ya kina mama walewale. Ushauri wa kuingia chini ya meza na kushikilia mguu wake ni mzuri kwa jengo imara, ambalo kinachoanguka ni silingibodi, taa na makabati, na meza iwe ya mbao nzito. Kwenye nyumba ya tofali na udongo, kama uko karibu na mlango unaotokea mahali peupe, toka, na ukishatoka usisimame. Hatua za kwanza nje ya mlango ndizo mbaya, kwa sababu ukuta huangukia nje pia. Nenda mbele mpaka uwe umeuacha ukuta kwa umbali unaozidi urefu wake, ufike kwenye migomba. Kama mlango uko mbali, au unaye mzee wa kumsaidia, jikunje kando ya kitanda imara, funika kichwa na shingo kwa mikono na mto. Usijibane kwenye fremu ya mlango, hiyo ni imani ya zamani. Na ukishatoka usirudi ndani kufuata simu, maana mitetemo inayofuata huangusha kilichokwishapasuka.

Mkoba bado upo, na sasa una betri. Tumeuhamishia stoo ya nje, kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali ambapo tunaweza kuufikia nyumba ikiwa imelala.

Mdogo wangu amepata makadirio ya mkanda wa wavu kwa nyumba ya Missenyi. Vifaa ninampelekea mimi bila kumdai. Alitaka kukataa, nikamwambia hiyo si zawadi. Yule mzee nilimfuata kwake. Kuta zake zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, bado hajafikia lenta. Nilimweleza kwamba nyumba yangu aliyoitolea mfano ilikuwa mfano mbaya, nikamtajia marumaru. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Nondo zilizobaki alikuja kuzichukua kwa awamu.

Dukani watu bado wanakata orodha zao. Siwalaumu, hela ni hela, na wengi wao wanajenga chumba kimoja kwa mwaka. Ila kalamu ikifika kwenye nondo, ninaishika kidogo ile karatasi na kusema: kata rangi, kata silingibodi, kata geti, kata marumaru zangu hizi hapa, ingawa ndizo zinazonipa faida kubwa, rudi uzinunue miaka mitano ijayo, hakuna aliyekatazwa kuishi kwenye sakafu ya saruji. Lenta haina siku nyingine. Wengine wanadhani nataka kuwauzia nondo zaidi, wanaondoka na kwenda duka la jirani. Ndipo nawaita barabarani, mbele za watu, nawaambia ya kwangu haina.